Umebakiwa na siku moja Cusco: uende kusini kwa Tipón na Andahuaylillas, au Maras na Moray?

Watu wengi wanaofika Cusco, kule Peru, akili yote iko Machu Picchu, na sawa, ndiyo iliyowatoa nyumbani, lakini ukisharudi kutoka huko mara nyingi inabaki siku moja kabla ya ndege na hapo ndipo swali linakuja, hii siku niipeleke wapi. Mitaa ya karibu na Plaza de Armas, uwanja mkuu wa mji, imejaa ofisi za safari za siku moja, na wanachokuuzia kwanza ni Maras, Moray na Chinchero, upande wa kaskazini magharibi. Safari ya kusini wanayoiita Valle Sur, yaani Tipón, Pikillaqta na kanisa la Andahuaylillas, mara nyingi mpaka uulizie mwenyewe. Halafu kuna chaguo la tatu ambalo watu hata hawalihesabu kama matembezi, basi la watalii la kwenda Puno linalosimama njiani. Nimeziweka zote hapa tuzilinganishe, na niseme mapema nimeegemea wapi: kwa mtu anayependa magofu na makanisa ya kale, kusini inashinda tena kwa mbali. Anayetafuta mandhari na picha kali, huyo nitamwambia lake pia.

Tuanze na mwinuko maana ndio unaoharibu safari za watu. Cusco yenyewe ipo mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukienda kusini mashariki barabara inafuata bonde na kushuka polepole, Andahuaylillas uko kwenye mita 3,100 na kitu, kichwa kinapata nafuu. Ukienda kaskazini magharibi unapanda kwanza hadi Chinchero, mita 3,760, ndipo unateremka kwenye uwanda wa Maras. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu aelewe kwamba Chinchero ni sawa na kusimama Horombo, tofauti ni kwamba Horombo unafika siku ya pili kwa miguu mwili umeshazoea, Chinchero gari linakufikisha chini ya saa moja. Kama umetua juzi tu kutoka Lima, ambayo iko pwani kabisa, au una mzee mwenye presha au mtoto, kusini kuna unafuu mkubwa. Chai ya majani ya koka utapewa kila hoteli na inasaidia, ila ndugu yangu usibebe majani yenyewe kwenye begi kurudi nayo, nchi nyingi utakamatwa nayo kama dawa za kulevya.

Sasa Tipón, na hapa nikae kidogo. Iko kilomita 25 hivi kutoka Cusco, juu ya kijiji chenye jina hilo hilo, na ukifika unachokiona kwanza ni matuta makubwa ya kilimo, zaidi ya kumi, yamepangana kama ngazi ndani ya mkunjo wa mlima, kuta zake zimejengwa kwa mawe yaliyokaa sawasawa kuliko kuta nyingi za matuta mengine ya Wainka, watu waliotawala milima hii kabla ya Wahispania. Lakini kitu cha kusimama nacho ni maji. Yanatoka kwenye chemchemi juu, yanaingia kwenye mfereji wa mawe, mfereji unagawanyika, na pale kwenye chemchemi ya ibada maji yanadondoka kwa mikondo minne kwenye birika la mawe, yote minne inafanana kwa unene, na hivi tunavyoongea yanatiririka bado. Mfereji wa zaidi ya miaka 500 na haumwagi pembeni. Wahandisi wa maji wameusoma mfumo huu kwa vipimo na kuusifu waziwazi, maana kila mteremko umepigiwa hesabu ili maji yasikimbie sana yakabomoa wala yasitulie yakaacha matope. Angalia pia kuta za matuta, utaona mawe marefu yamechomoza nje moja juu ya lingine kwa mshazari, hizo ni ngazi, mkulima alikuwa anapanda kutoka tuta moja hadi lingine bila kupoteza hata hatua moja ya shamba. Mimi naweza kukaa hapo muda mrefu sana nikisikiliza maji tu, na kiukweli nafasi ya kukaa ipo kwa sababu watu ni wachache.

Moray nayo ni matuta, kwa hiyo hapo ulinganisho unakuja wenyewe. Moray ni mashimo ya asili yaliyojengewa matuta ya duara, duara ndani ya duara, kubwa kuliko yote lina kina cha mita 30 hivi. Kwa jicho, Moray inaipita Tipón, nisiwadanganye, ukisimama ukingoni unabaki mdomo wazi. Joto la chini na la juu halilingani, ndiyo maana wengi wanasema Wainka walikuwa wanajaribia mazao hapo, na waongozaji wanalisema kama jambo lililokwisha ingawa watafiti wenyewe hawajakubaliana. Tatizo la Moray ni kwamba njia ya wageni inazunguka huko juu, unaangalia, unapiga picha, unaambiwa tuondoke. Tipón unapita katikati ya matuta, mfereji uko miguuni kwako. Nani anashinda inategemea wewe ni mtu wa kutazama au wa kugusa.

Turudi kusini. Kilomita chache mbele kuna Pikillaqta, na watu wengi wanaichukulia poa kwa sababu haina yale mawe yaliyochongwa vizuri. Lakini hawa si Wainka. Huu ni mji wa watu wa Wari, waliotawala sehemu kubwa ya milima hii kuanzia miaka ya 600 mpaka karibu 1000, karne kadhaa kabla Wainka hawajawa na nguvu. Mji mzima umepangwa kwa mistari iliyonyooka, mtaa kwa mtaa, nyua za mraba zilizozungushiwa kuta ndefu, nyumba zilikuwa na ghorofa, na kuta zilipakwa plasta nyeupe ambayo mabaki yake bado unayaona sehemu sehemu. Ukitembea kwenye barabara ndefu ya katikati, ukuta kushoto ukuta kulia, jua kali, unapata picha ya watu waliokuwa na serikali yenye amri. Bila Pikillaqta mtu anarudi nyumbani akidhani Wainka walianza na kila kitu, kumbe walikuta barabara, maghala na matuta tayari.

Na ushahidi uko ng'ambo ya barabara kidogo, Rumicolca. Ni lango kubwa ambalo kiini chake ni mfereji wa juu wa watu wa Wari, mawe ya hovyo hovyo yaliyoshikwa na udongo, halafu Wainka wakaja wakalivisha mawe yaliyochongwa safi, na unaona vyote viwili kwa mpigo, ya ndani na ya nje. Machimbo ya mawe yaliyojenga Cusco yapo hapo jirani. Safari nyingi za kundi zinapita bila kusimama, ni dakika kumi tu, ombeni dereva asimame.

Katikati ya hapo kuna ziwa la Huacarpay, ardhi oevu iliyoingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu, wapenda ndege wabebe darubini. Mandhari ya kusini ni ya namna hiyo, matete, maji yaliyotulia, mashamba ya mahindi, milima mikavu nyuma. Ni mazuri ila hayapigi kelele. Ukitaka mandhari ya kukushtua basi ni Maras, uwanda mpana wenye mashamba ya rangi rangi na nyuma yake milima yenye theluji imejipanga, siku ikiwa safi hakuna cha kushindana nayo kwenye njia hizi.

Chakula nakigusa haraka maana kusini kinapendeza. Saylla wanakaanga nyama ya nguruwe, Oropesa ni mji wa mkate, ile mikate mikubwa ya duara wanaita chuta, na Tipón kijijini wanaoka simbilisi kwenye tanuri. Ndiyo, simbilisi hawa hawa wanaofugwa na kuliwa Kivu na kule Iringa, asili yao ni huku Andes. Anakuja mzima sahani nzima na kichwa chake, kwa hiyo kama una mtu wa kusumbuka na hilo mwambie mapema aagize kitu kingine.

Makanisa sasa. Hapa ndipo kusini inapojitenga kabisa.

Andahuaylillas ni kijiji kidogo, uwanja wenye miti mikongwe ya pisonay, na pembeni kanisa la Mtakatifu Petro ambalo kwa nje ni kuta za matofali ya udongo zilizopakwa chokaa, huwezi kuligeukia mara mbili. Unaingia, macho yanazoea giza, na kila sehemu imejaa: dari limechorwa maua na kupakwa dhahabu, altare ni dhahabu juu mpaka chini, kuta zote picha. Wanaliita Kanisa la Sistine la Amerika, sifa ya matangazo, lakini halihitaji kuazima jina la mtu. Michoro ya ukutani ni ya Luis de Riaño, miaka ya 1620, wakati paroko alikuwa Juan Pérez de Bocanegra. Huyu padri alijua Kikechua, lugha ya Wainka, vizuri sana, na kitabu chake cha ibada kilichochapwa Lima mwaka 1631 kina wimbo wa Kikechua unaoitwa Hanaq pachap kusikuynin, ndio wimbo wa sauti nyingi wa kwanza kuchapwa Amerika yote.

Ukishaingia usiangalie altare tu. Geuka nyuma, ukuta wa mlangoni. Kuna njia mbili zimechorwa, moja nyembamba imejaa miiba inaelekea mji wa mbinguni, nyingine pana imetandazwa maua inaenda motoni. Waumini walikuwa wanaiona wakati wa kutoka, yaani ndilo neno la mwisho la mahubiri. Halafu tafuta mlango wa chumba cha ubatizo, juu yake yameandikwa maneno ya ubatizo kwa lugha tano: Kilatini, Kihispania, Kikechua, Kiaymara na Kipukina. Kipukina kimeshakufa, hakuna anayekizungumza leo duniani, na maneno yake yamebaki juu ya mlango wa kanisa la kijijini. Sijui kama kuna mtu anaweza kupita hapo bila kusimama. Kawaida hawaruhusu picha ndani, na mimi naunga mkono, rangi ni za miaka 400 na hili bado ni kanisa la watu, wanasali humo, wanabatizia humo. Jumapili kama kuna misa subiri iishe au kaa nyuma kimya.

Dakika chache mbele kuna Huaro, na hili ndilo linalorukwa na makampuni mengi, inanisikitisha sana. Kanisa la Mtakatifu Yohane Mbatizaji lilichorwa na Tadeo Escalante, mzaliwa wa Acomayo, michoro yake ina tarehe 1802. Andahuaylillas ina utulivu, Huaro haina. Kifo kinaingia nyumba ya tajiri, kifo kinaingia nyumba ya maskini, motoni watu wanachemshwa kwenye jungu kubwa na ukitazama vichwa humo utaona na wakubwa wa kanisa wamo. Kumbuka hiyo ni miaka ishirini tu baada ya uasi wa Túpac Amaru wa Pili dhidi ya utawala wa Wahispania, ulioanza Novemba 1780 upande huu huu wa kusini na kumalizika kwa yeye kuuawa kikatili Cusco, Mei 1781, Plaza de Armas pale pale ambapo leo watu wanakunywa kahawa. Escalante alichora kwa watu walioyaona hayo kwa macho yao. Mwisho wa mstari kuna kanisa dogo la Canincunca juu ya ziwa la Urcos, dogo mno lakini limechorwa kila mahali ungesema limevikwa kitambaa.

Upande wa Maras, kanisa la kulinganisha ni la Chinchero, na si la kubeza hata kidogo. Limejengwa mwanzoni mwa miaka ya 1600 juu kabisa ya jumba la mfalme wa Wainka, Túpac Inca Yupanqui, ukuta wa Wainka wenye vishubaka vikubwa bado unashikilia uwanja, kwa hiyo unaona ushindi wa Wahispania umejengwa kwa mawe, mmoja amekaa juu ya mwenzake. Ukutani kuna mchoro unaosifu ushindi wa Mateo Pumacahua, chifu wa Chinchero aliyepigana upande wa mfalme wa Hispania dhidi ya Túpac Amaru, puma anamshinda joka. Sasa sikiliza kilichofuata: Pumacahua huyo huyo mwaka 1814 akaasi dhidi ya Wahispania, na 1815 akauawa Sicuani, mji ulio kwenye barabara ya kusini. Mtu mwenye siku mbili akafanya Chinchero leo na Huaro kesho atakuwa ameiona hadithi nzima ya vita hivyo bila kufungua kitabu. Chinchero pia ina wanawake wafumaji, wanachukua kadudu kakavu ka cochinilla, wanakaponda kiganjani kanatoa wekundu mkali, wanatia kidogo hiki au kile na rangi inabadilika mbele ya macho yako. Ni onyesho la kuuzia, ndio, lakini ufundi ni wa kweli na bei inaenda kwao moja kwa moja. Wanaotaka kuona Chinchero tulivu wasichelewe miaka, uwanja mpya wa ndege unajengwa jirani.

Na majaruba ya chumvi ya Maras, hayo hayana mwenzake kusini. Zaidi ya 3,000, yamebandikwa kwenye ukuta wa korongo, yanalishwa na kijito kimoja cha maji ya chumvi kinachotoka ndani ya mlima, na kila familia ya Maras na Pichingoto ina yake. Mtu wa pwani yetu anayejua kazi ya chumvi atashangaa kuona inavunwa juu ya mita 3,000. Mambo mawili uyajue: tangu 2019 wageni hawaruhusiwi kutembea katikati ya majaruba, unatazama kutoka njia ya juu, na weupe ule wa kwenye picha ni wa kiangazi, Mei mpaka Oktoba hivi. Ukija Januari au Februari mvua inapiga, ni rangi ya kahawia na wavunaji hawapo. Kusini haijali sana majira, makanisa yana paa, na Tipón mvua inaiongezea kijani.

Hela. Tipón na Pikillaqta, vile vile Moray na Chinchero, zinaingia kwenye tiketi ya pamoja ya Cusco, Boleto Turístico. Kwa muda mrefu ile nzima imekuwa soli 130, hela ya Peru, kwa mgeni, siku 10, na ile ya sehemu soli 70 kwa siku chache, ila kuna sehemu tofauti kwa kusini na tofauti kwa Bonde Takatifu, yaani upande wa Pisac, Ollantaytambo, Moray na Chinchero, usikosee ukanunua isiyo yako. Kama ulishanunua nzima kwa ajili ya Pisac na Ollantaytambo na siku hazijaisha, zote hizi huko ndani umeshalipia. Nje ya hapo, majaruba wanatoza wenyewe wanakijiji, na makanisa ya Andahuaylillas, Huaro na Canincunca yana tiketi yao moja inayoitwa Ruta del Barroco Andino, inayoingiza pia kanisa la Compañía pale Cusco mjini, kwa hiyo usiitupe ukirudi.

Usafiri wa kujitegemea kusini ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mabasi ya Urcos yanapita Avenida de la Cultura mchana kutwa, nauli ndogo, unamwambia konda shusha Tipón au Andahuaylillas, basi, kama daladala za kwetu. Kasoro moja, kutoka barabarani hadi magofu ya Tipón ni kilomita nne za kupanda, usijitie ushujaa, chukua teksi ya hapo kijijini. Maras unapanda gari za Urubamba pale mtaa wa Pavitos, unashuka njia panda ya Maras, kisha lazima teksi maana Moray na majaruba yako pande mbili. Wengine wanakodi pikipiki za magurudumu manne, vijana wanafurahi, wenye mashamba wanakula vumbi, mimi siwashauri.

Lile chaguo la tatu sasa, kwa wenye safari ya kwenda Puno na Ziwa Titicaca. Basi la watalii linatoka asubuhi linafika jioni, masaa kumi hivi, linasimama Andahuaylillas, halafu Raqchi, halafu La Raya, pito la mlimani kwenye mita 4,335, na Pukará. Raqchi peke yake inatosha kulipia tiketi: hekalu la Wiracocha, mungu wa Wainka, lilikuwa na urefu wa mita 92, na ukuta wake wa katikati bado umesimama juu karibu mita 20, chini mawe ya Wainka, juu udongo mtupu, na nyuma yake maghala ya duara 152. Unapoteza Tipón, Pikillaqta na Huaro, na kila kituo kina saa yake ya kuondoka. Lakini kama kesho unaenda Puno hata hivyo, kupanda basi la usiku ukalala upite haya yote gizani ni hasara ya kujitakia. Uliza tu mapema kama viingilio vimo kwenye bei.

Kwa hiyo mwenye nusu siku na simu iliyojaa chaji, mwezi wa saba, aende Maras na Moray, hatajuta. Mwenye wazee, mwenye kichwa kinachouma, aliyekuja msimu wa mvua, na yeyote anayependa kanisa au historia, aende kusini siku nzima. Ukiwa ofisini unalipia uliza swali moja, Huaro ipo? Wakisema haipo tafuteni watu wanne mchange teksi ya siku nzima, mwanze Tipón mapema kabla jua halijakaza, mshuke taratibu hadi Canincunca, na simbilisi waagizeni asubuhi mkipita kijijini, maana wa tanuri anachukua muda, mtamkuta tayari mkirudi.